Ukatili dhidi ya wenza miongoni mwa wanaume wa Kilatino Marekani: Je, chanzo ni utamaduni?

Mwanamume anapompiga mkewe katika mtaa wa wahamiaji mjini Los Angeles au Houston, maelezo huwa tayari kabla polisi hawajafika. Husemwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya Walatino, kwamba ni utamaduni waliokuja nao kutoka Mexico au El Salvador. Mara nyingi maelezo yote hufupishwa kwa neno moja: machismo.

Tafiti zilizofanywa nchini Marekani tangu miaka ya 1980 zinatoa picha tofauti. Asili ya mtu peke yake haielezi kwa nini mwanamume mmoja humpiga mwenza wake, ilhali mwingine aliyezaliwa katika kijiji hicho hicho hafanyi hivyo. Mambo yenye uzito zaidi ni umri, kipato, pombe, yale ambayo mtu aliyaona utotoni, na imani aliyonayo kuhusu mamlaka ya mume juu ya mke.

Suala hili si la wasomi peke yao. Namna jamii inavyoueleza ukatili huo ndiyo huamua iwapo mwanamke aliyejeruhiwa atapiga simu polisi au atanyamaza, na iwapo mumewe atapelekwa gerezani, kwenye mafunzo ya kujirekebisha, au atafukuzwa nchini na kuiacha familia bila kipato.

Walatino ni akina nani?

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, Walatino nchini Marekani walikuwa milioni 62.1, sawa na karibu asilimia 19 ya wakazi wote. Zaidi ya nusu yao wana asili ya Mexico. Wengine wana asili ya Puerto Rico, Cuba, El Salvador, Jamhuri ya Dominika, Guatemala, Colombia na nchi nyingine zinazozungumza Kihispania.

Jina hilo moja linafunika maisha yasiyofanana. Watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, hivyo hakuna awezaye kuwafukuza nchini. Wacuba wengi waliofika miaka ya mwanzo baada ya mapinduzi ya 1959 walikuwa watu wa tabaka la kati na walipokelewa kama wakimbizi. Zipo pia familia zilizokuwa California na New Mexico kabla ya vita vya 1846 hadi 1848, wakati maeneo hayo yalipokuwa bado sehemu ya Mexico.

Tofauti na hao, mfanyakazi wa mashambani aliyevuka mpaka bila hati anaweza kuishi Marekani miaka ishirini, akajenga familia na kulipa kodi, huku kila siku akihofia kusimamishwa barabarani na askari. Kuwaweka watu wote hawa katika kapu moja na kusema kuwa utamaduni wao ndio unaowafanya wapige wake zao ni kuanza safari kwa njia isiyofika.

Takwimu zinasema nini?

Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2010 na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, uliwahoji watu kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Asilimia 37.1 ya wanawake wa Kilatino walisema kuwa wakati fulani maishani mwao waliwahi kubakwa, kupigwa au kuandamwa kwa vitisho na mwenza wao.

Kwa wanawake weupe wasio Walatino kiwango hicho kilikuwa asilimia 34.6, kwa wanawake weusi asilimia 43.7, na kwa wanawake wa jamii za asili za Marekani asilimia 46. Kwa maneno mengine, zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kila watatu wa Kilatino amepitia ukatili huo, lakini pengo baina yao na wanawake weupe ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Wanaume pia walikuwamo miongoni mwa waliosema wametendewa ukatili na wenza wao.

Baadhi ya tafiti zilipata pengo kubwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1985 kuhusu ukatili katika familia ulionyesha kuwa visa vilikuwa vingi zaidi katika familia za Kilatino kuliko katika familia za weupe. Hata hivyo, watafiti Murray Straus na Christine Smith walipolinganisha watu wa umri mmoja, wenye kipato sawa na wanaoishi mijini, tofauti hiyo haikuonekana tena. Walatino walikuwa vijana zaidi, maskini zaidi, na wengi wao walikuwa wakazi wa miji.

Mwaka 1994 watafiti Glenda Kaufman Kantor, Jana Jasinski na Etiony Aldarondo walifikia hitimisho linalokaribiana na hilo. Waligundua kwamba makundi ya Walatino hayafanani hata kidogo: visa vilikuwa vingi zaidi kwa wenye asili ya Puerto Rico na vichache zaidi kwa wenye asili ya Cuba. Jambo moja lilijitokeza katika kila kundi, kwa tajiri na kwa maskini: pale ambapo mume kumpiga mke kulionekana kuwa jambo linalokubalika, hatari iliongezeka.

Matokeo yaliyowashangaza wengi zaidi yalitoka Los Angeles. Mwaka 1991 Susan Sorenson na Cynthia Telles walichapisha utafiti uliowalinganisha watu wenye asili ya Mexico waliozaliwa Mexico na wale waliozaliwa Marekani. Miongoni mwa waliozaliwa Mexico, asilimia 20 walihusika na ukatili katika ndoa, kiwango kinachokaribia asilimia 21.6 ya Wamarekani weupe. Kwa waliozaliwa Marekani kiwango kilipanda hadi asilimia 30.9.

Iwapo ukatili ungekuwa mzigo uliobebwa kutoka kwao, ungetarajiwa kupungua kadiri familia inavyozoea maisha mapya. Watafiti wametoa maelezo mbalimbali kuhusu hali hiyo. Wapo wanaotaja kudhoofika kwa mtandao wa ndugu, ubaguzi, na unywaji wa pombe unaoongezeka katika kizazi cha pili. Wengine wanaona kuwa waliozaliwa Marekani huenda wako tayari zaidi kusema yaliyowapata.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliochapishwa mwaka 2005 na kuhusisha nchi kumi, nao unatoa onyo dhidi ya majibu mepesi. Nchini Brazil, asilimia 29 ya wanawake wa mjini waliowahi kuwa na mwenza walisema wamepigwa au kulazimishwa kimwili na mwenza huyo, huku kiwango cha vijijini kikiwa asilimia 37. Nchini Peru, mjini Lima, kilikuwa asilimia 51, na katika mkoa wa Cusco kilifika asilimia 69.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi hizo kumi. Dar es Salaam ilikuwa na asilimia 41 na Mbeya asilimia 56. Kwa hiyo São Paulo ilikuwa na kiwango cha chini kuliko Dar es Salaam, nayo Cusco ilikuwa na kiwango cha juu kuliko Mbeya. Tofauti ndani ya nchi moja, na baina ya nchi mbili za Amerika ya Kusini, ni kubwa kiasi kwamba haiwezekani kuzungumza juu ya tabia moja ya Walatino.

Neno machismo lilitoka wapi?

Kwa Kihispania, macho ni dume, mnyama wa kiume. Msomaji wa Kiswahili ataona ukaribu wa neno hilo na maneno mfumo dume. Machismo basi ni udume: fahari ya mwanamume anayetaka kutiiwa, asiyeonyesha udhaifu na asiyekubali kupingwa ndani ya nyumba yake.

Ingawa wengi huamini kuwa fahari hiyo ni ya kale na ya asili kwa Wamexico, Américo Paredes, mtaalamu wa fasihi simulizi wa Chuo Kikuu cha Texas, aliitilia shaka imani hiyo mwaka 1967. Alionyesha kuwa neno hilo halikuwa na nafasi kubwa katika nyimbo za jadi za Mexico kabla ya miaka ya 1940, na kwamba majigambo ya mwanamume mwenye bastola yalistawi pia kwa wachunga ng'ombe weupe wa upande wa pili wa mpaka.

Mwanaanthropolojia Matthew Gutmann aliishi na familia yake katika mtaa wa Santo Domingo, mjini Mexico City, kisha mwaka 1996 akachapisha kitabu kuhusu maana ya kuwa mwanamume mahali hapo. Aliwakuta akina baba wakibeba watoto wachanga, wakipika na kubishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu mwanamume wa kweli ni yupi.

Kwa wazee wengi wa mtaa huo, macho lilikuwa neno la heshima lenye maana ya mtu anayeitunza familia yake. Kinyume chake kilikuwa mandilón, jina la kejeli linalotokana na neno la aproni ya jikoni, alilopewa mume anayetawaliwa na mkewe. Vijana wengi waliooa walikataa majina yote mawili. Hawakujiona madume, wala hawakujiona watumwa wa wake zao.

Mwaka 2008 Miguel Arciniega na wenzake walichapisha kipimo kinachotenganisha sura mbili za uanaume miongoni mwa wanaume wenye asili ya Mexico. Sura ya kwanza ni machismo ya ubabe, iliyoambatana na uchokozi. Ya pili waliiita caballerismo, yaani uungwana: heshima, upole kwa watoto na kuiweka familia mbele. Wanaume waliokuwa na sura hiyo ya pili walielekea zaidi kutatua matatizo yao kwa kuyakabili badala ya kuyakimbia.

Kwa hiyo utamaduni wenyewe una sauti zaidi ya moja. Mwanamume anayepiga huchagua sauti moja kati ya hizo, na mara nyingi huichagua ile inayompa mamlaka.

Kazi, pombe na kumbukumbu za vita

Mazingira ya mhamiaji huongeza uzito wa uchaguzi huo. Mwanamume aliyekuwa fundi au mkulima anayejitegemea kwao hujikuta amesimama kwenye kona ya barabara alfajiri, akisubiri kibarua cha siku moja katika ujenzi. Siku nyingine hapati. Siku nyingine anafanya kazi na mwajiri anakataa kumlipa, akijua kuwa asiye na hati haendi kushtaki.

Wakati huo huo mkewe anaweza kuwa amepata kazi ya kusafisha nyumba au kulea watoto wa watu, na pengine ndiye anayeleta pesa za uhakika. Watoto nao hujifunza Kiingereza haraka kuliko wazazi, wakageuka wakalimani wa baba yao benki na hospitalini. Baba aliyelelewa akiamini kuwa heshima yake inatokana na kuwa mlishaji na msemaji wa familia huona nafasi zote mbili zikimtoka.

Wengi hupita katika hali hiyo bila kumgusa mtu. Kwa baadhi, hasa wale wanaoamini kuwa utiifu wa mke ni haki yao, nyumba hugeuka mahali pekee palipobaki pa kuonyesha nguvu.

Pombe hutajwa kila mara. Timu ya Raul Caetano iliwahoji wenzi wa ndoa kote Marekani mwaka 1995, na ikagundua kuwa kati ya asilimia 30 na 40 ya wanaume waliowapiga wenza wao walikuwa wamekunywa wakati wa tukio. Idadi hiyo ni kubwa. Hata hivyo inaonyesha pia kuwa wengi wa waliopiga hawakuwa wamekunywa, hivyo kuacha pombe peke yake hakutoshi kuleta amani nyumbani.

Kwa familia zilizotoka Amerika ya Kati kuna urithi mwingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya El Salvador viliendelea kutoka 1980 hadi 1992, na vya Guatemala kutoka 1960 hadi 1996. Maelfu ya wanaume waliokimbilia Marekani walikuwa wameshuhudia mauaji wakiwa watoto, au walikuwa wamebebeshwa bunduki wakiwa bado vijana wadogo. Kama ilivyo mahali pengine duniani, mtoto aliyekua akiona kipigo, iwe barabarani au chumbani kwa wazazi wake, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kukirudia.

Sheria inayolinda na kutisha

Kwa mwanamke asiye na hati, mume mwenye ukazi halali ana silaha isiyoacha alama mwilini. Anaweza kuficha hati za kusafiria, kukataa kuwasilisha maombi ya ukazi ya mkewe, au kumwambia kuwa akipiga simu polisi ni yeye atakayerudishwa kwao na watoto watabaki.

Kwa kipindi fulani sheria yenyewe iliitia nguvu silaha hiyo. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 1986 kuzuia ndoa za udanganyifu yaliwataka wahamiaji waliopata ukazi kwa njia ya ndoa kukaa katika ndoa hiyo kwa miaka miwili kabla ya kuthibitishiwa ukazi wa kudumu. Mwanamke aliyepigwa katika mwezi wa tatu alilazimika kuchagua kati ya kuvumilia na kupoteza kila kitu.

Msomi wa sheria Kimberlé Crenshaw aliliandika jambo hilo mwaka 1991, akieleza pia kisa cha mwanamke wa Kilatino aliyekataliwa katika makazi ya hifadhi kwa sababu hakuweza kuthibitisha kuwa anazungumza Kiingereza. Alionyesha kuwa mwanamke wa aina hiyo hakuwa akikandamizwa na mumewe peke yake, kwani rangi, lugha, umaskini na sheria ya uhamiaji vilimbana kwa pamoja.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1990 Bunge liliruhusu msamaha wa sharti la miaka miwili kwa mwenza aliyetendewa ukatili. Sheria ya Ukatili dhidi ya Wanawake, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton Septemba 1994, ilimwezesha mke wa raia au wa mkazi halali kuomba ukazi mwenyewe bila mumewe kujua. Mwaka 2000 iliongezwa viza maalumu, maarufu kwa jina la viza ya U, kwa waathirika wa uhalifu wanaoshirikiana na polisi, bila kujali hali ya uhamiaji ya mtendaji. Viza hizo hazizidi 10,000 kwa mwaka, na waombaji husubiri kwa miaka mingi.

Lakini sheria nyingine ilivuta upande wa pili. Tangu mwaka 1996, mtu asiye raia anayepatikana na hatia ya ukatili wa nyumbani, au anayekiuka amri ya mahakama ya kumlinda mwenza, anaweza kufukuzwa nchini. Kwa macho ya mtunga sheria, hiyo ilikuwa adhabu ya kumlinda mwanamke. Kwa mwanamke mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba, ina maana kwamba simu moja inaweza kumwondoa baba wa watoto wake moja kwa moja, pamoja na mshahara unaowalisha. Wanawake wengi hutaka kipigo kikome, si lazima mume afukuzwe.

Machi 2017, wakati serikali mpya ya Marekani ilipokuwa imetangaza msako mkali dhidi ya wahamiaji, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Los Angeles, Charlie Beck, alisema kuwa taarifa za ubakaji kutoka kwa Walatino zilikuwa zimepungua kwa asilimia 25 ikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia, na zile za ukatili wa nyumbani kwa karibu asilimia 10. Alihusisha hali hiyo na hofu ya kufukuzwa nchini, akibainisha kuwa upungufu wa namna hiyo haukuonekana kwa jamii nyingine.

Upungufu wa taarifa si upungufu wa vipigo. Mficha maradhi, wasema wahenga, kifo humuumbua.

Je, mwanamume anayepiga anaweza kubadilika?

Mahakama nyingi za Marekani humwamuru mtu aliyepatikana na hatia kuhudhuria mafunzo. Mtindo unaotumika zaidi ulianzia mjini Duluth, jimboni Minnesota, mwaka 1981. Msingi wake ni kwamba kipigo hakitokani na kupandwa na hasira tu, bali ni njia ya kumtawala mwenza, sawa na vitisho, kumtenga na ndugu zake na kumnyima pesa. Jimbo la California huwataka wahusika walio chini ya uangalizi wa mahakama kuhudhuria kwa wiki 52.

Matokeo ya mafunzo hayo si ya kujivunia sana. Mwaka 2004 Julia Babcock na wenzake walipitia tafiti 22 na kukuta kuwa athari yake katika kuzuia kipigo kurudiwa ilikuwa ndogo. Kwa mwanamume anayezungumza Kihispania, tatizo huanzia mlangoni: katika maeneo mengi madarasa kwa lugha yake ni machache, ada hutoka mfukoni mwake, na saa za darasa hugongana na saa za kibarua. Hata akikaa darasani, tafsiri ya neno kwa neno haimfikii moyoni.

Hapo ndipo baadhi ya Walatino wenyewe walipoanzisha njia zao. Mjini Atlanta, mwaka 1990, lilianzishwa shirika la Caminar Latino, ambalo mwanasaikolojia Julia Perilla alikuwa miongoni mwa waliolijenga. Shirika hilo liliamua kufanya kazi na familia nzima: vikundi vya wanawake, vikundi vya wanaume waliotenda ukatili, na vikundi vya watoto, kila kimoja peke yake.

Uamuzi huo ulipingwa na baadhi ya watetezi wa wanawake, waliohofia kuwa kumhudumia mwanamume ni kumtafutia udhuru na kula fedha za makazi ya hifadhi. Hoja ya shirika ilitokana na hali halisi ya wanawake waliofika hapo: wengi wao walirudi nyumbani, na mwanamume aliyekuwa akiwasubiri alikuwa bado yule yule.

Huko California, Jerry Tello na wenzake walianzisha mwaka 1988 mtandao wa wanaume uitwao National Compadres Network. Compadre ni baba wa ubatizo wa mtoto wako, mtu ambaye kwa desturi ana haki ya kukukemea. Mtandao huo hutumia nafasi hiyo ya kijamii. Badala ya kumwambia mwanamume aachane na mila za wazee wake, humuuliza kama baba anayetisha watoto wake ametimiza ahadi aliyoiweka mbele ya wazee hao.

Tello na Ricardo Carrillo waliyaeleza mawazo hayo katika kitabu cha mwaka 1998 kuhusu ukatili wa familia na wanaume wasio weupe. Wanaamini kuwa ubaguzi na historia ya kutawaliwa vimemjeruhi mwanamume huyo, na kwamba jeraha hilo linahitaji tiba. Wakosoaji wao huonya kuwa lugha ya majeraha inaweza kumfanya mtendaji ajione mtendewa. Mvutano huo haujaisha, na huenda hauna budi kuendelea, kwa sababu pande zote mbili zinashika sehemu ya ukweli.

Mapambano yaliyoanzia kwao

Dhana kwamba Walatino wanahitaji kufundishwa na Marekani namna ya kuheshimu wanawake inapuuza historia ya nchi walikotoka. Kituo cha polisi kinachohudumia wanawake, kinachofanana kwa lengo na dawati la jinsia linalofahamika Tanzania, kilifunguliwa São Paulo mwaka 1985.

Juni 1994, miezi mitatu kabla ya Clinton kutia saini sheria ya Marekani, mataifa ya Amerika yalipitisha mkataba wa Belém do Pará nchini Brazil, unaotambua kuwa kuishi bila ukatili ni haki ya kila mwanamke. Marekani hadi sasa haijauridhia.

Nchini Brazil, Maria da Penha, mfamasia aliyepigwa risasi na mumewe mwaka 1983 na kupooza, alipambana na mahakama za nchi yake kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 2001 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliilaumu Brazil kwa uzembe katika kesi hiyo, na mwaka 2006 sheria kali dhidi ya ukatili wa nyumbani ilipitishwa na kupewa jina lake. Mexico ilipitisha sheria yake ya kitaifa mwaka 2007. Tarehe 3 Juni 2015 umati mkubwa uliandamana nchini Argentina chini ya wito wa Ni Una Menos, yaani asipungue hata mmoja.

Mwanamke wa Kilatino anayeandika taarifa polisi mjini Chicago hajauasi utamaduni wake. Anafuata njia ambayo wanawake wa nchi hizo waliifungua wenyewe.

Kueleza si kusamehe

Wataalamu wanaosisitiza mazingira ya kijamii hukutana na swali moja kila mara: je, umaskini, hofu ya kufukuzwa na kumbukumbu za vita si visingizio vipya vya mtu anayempiga mkewe?

Jibu lao liko katika hesabu zile zile. Mamilioni ya wanaume wa Kilatino wanaishi na umaskini huo, hofu hiyo na kumbukumbu hizo, na hawawapigi wenza wao. Mazingira hueleza kwa nini hatari huwa kubwa zaidi mahali fulani, na hivyo huonyesha serikali na jamii pa kuweka nguvu: lugha ya huduma, usalama wa kupiga simu polisi, kazi yenye malipo ya haki, na tiba kwa watoto waliokwisha kuona mengi. Hayaondoi wajibu wa mkono ulioinuliwa.

Ndiyo sababu katika vikundi vya wanaume vinavyofuata misingi hiyo, kazi ya mwanzo huwa ni ile ile, iwe Minnesota au Atlanta. Mwanamume hutakiwa kueleza mbele ya wenzake alichomtendea mwenza wake, kwa maneno yake mwenyewe, bila kumtaja mke kuwa chanzo, bila kutaja pombe, na bila kutaja utamaduni. Historia ya maisha yake husikilizwa pia, lakini haichukui nafasi ya maelezo hayo.

Simu ya taifa ya msaada kwa waathirika wa ukatili wa nyumbani nchini Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1996, hupokelewa saa 24 kwa Kiingereza na kwa Kihispania.